Weka Chini Hiyo Tochi

Nimeulizwa tena. Mwezi huu pekee ni mara ya tatu, na aliyeniuliza mara hii ni jamaa tunayefanya naye kazi, mtu wa seva, kijana makini ambaye hanunui hata waya wa intaneti kabla ya kusoma maelezo yake yote. Swali ni lile lile: "Aisee, ninunue tochi gani ya gesi ya kumalizia nyama?"

Jibu langu limekuwa moja mara zote tatu. Usinunue yoyote. Lakini mtu wa tarakilishi hatosheki na jibu fupi. Anataka sababu, anataka hesabu, anataka aoneshwe hitilafu iko mstari wa ngapi. Basi leo nimeketi kuyaandika yote, ili wa nne akija nimtumie haya, nirudi kazini.

Kwa msomaji ambaye hajakutana na mambo haya, nieleze kidogo. Kuna namna ya kupika inayoitwa suvidi, neno la Kifaransa lenye maana ya "chini ya ombwe". Unatia nyama ndani ya mfuko wa plastiki ulio salama kwa chakula, unaondoa hewa, unaufunga, kisha unautumbukiza ndani ya maji yanayopashwa na kuzungushwa na kifaa chenye kipimajoto. Ukitaka steki yako ifike nyuzi 55 katikati, unayaweka maji kwenye nyuzi 55. Basi. Saa moja, saa mbili, nyama haitapita nyuzi 55 kwa sababu hakuna kitu karibu nayo kilicho moto kupita hapo. Mfaransa Georges Pralus ndiye anayetajwa sana kwa habari hii: mwaka 1974 aliifanyia kazi njia hiyo kwa ajili ya mkahawa wa Troisgros mjini Roanne, akitaka kupika maini ya bata yaliyonona bila mafuta yake kuyeyuka na kupotea.

Kwa miaka mingi jambo hili lilibaki jikoni mwa mikahawa mikubwa. Kisha watu wetu wakaligundua. Nikisema watu wetu nina maana ya watu wa hesabu na tarakilishi. Douglas Baldwin, mwanahisabati wa Marekani, aliweka mwongozo wake mtandaoni bure, na mwaka 2010 akatoa kitabu. Nathan Myhrvold, aliyewahi kuwa afisa mkuu wa teknolojia wa Microsoft, alitoa Modernist Cuisine mwaka 2011, juzuu sita zenye kurasa zaidi ya 2,400, na picha za vyombo vya jikoni vilivyokatwa katikati ili uone kinachoendelea ndani. Miaka iliyofuata vifaa ambavyo mtu wa kawaida angeweza kuvimudu vilichangiwa fedha kwenye Kickstarter, Anova kikiwa kimojawapo. (Usinianzishe habari ya vifaa vya jikoni vinavyodai programu ya simu. Mwaka 2024 Anova ilitangaza kwamba watumiaji wapya wa programu yake watalipa ada. Ada, ya kupasha maji! Hayo ni ya siku nyingine, na siku hiyo nitakuwa mkali kuliko leo.)

Sishangai kwamba wahandisi waliipenda suvidi. Mimi pia naipenda, na naomba lieleweke hilo kabla ya kuendelea, maana nikimaliza kuna watakaosema napinga maendeleo. Uzuri wote wa njia hii umo katika neno moja: dari. Maji ya nyuzi 55 ni dari. Nyama inapanda hadi inaigusa, haiwezi kuitoboa. Simu ikikuita, ukaongea dakika ishirini zaidi, hakuna kilichoharibika. Huhitaji kipaji, huhitaji kunusa wala kubonyezabonyeza kwa kidole, mfumo wenyewe hauruhusu kosa kutokea. Likumbuke neno hilo, dari, kwa sababu ugomvi wangu wote na tochi uko hapo.

Shida ni kwamba ukifungua mfuko unakutana na kitu cha aibu. Nyama ina rangi ya kijivu, imelowa mchuzi wake, inateleza. Ndani imeiva vizuri kuliko ya hoteli yoyote, nje inafanana na kitu kilichosahauliwa ndoonina siku mbili. Inahitaji ukoko.

Ndiyo, ukoko. Kila aliyekulia katika nyumba ya ugali au wali analijua neno hili na analijua vita lake, maana watoto hawagombanii ugali, wanagombania kinachobaki kimeshika chini ya sufuria. Ukoko wa nyama ni jamaa yake. Mfaransa mwingine, Louis Camille Maillard, alieleza mwaka 1912 kinachotokea asidi amino zinapokutana na sukari kwenye joto, na mwaka 1953 mkemia wa Marekani, John Hodge, akaupanga mmenyuko huo hatua kwa hatua. Ndio unaotoa harufu ya nyama choma, ya mkate unaotoka kwenye oveni, ya kahawa inayokaangwa. Unaenda kwa kasi nzuri kuanzia karibu nyuzi 140. Ukipita sana nyuzi 200 unaanza kutoka jikoni na kuingia katika biashara ya makaa. Uchungu, weusi, majivu.

Kwa hiyo dirisha lenyewe ni dogo, kati ya 140 na mia mbili na ushei. Kazi ni kuupeleka uso wa nyama ndani ya dirisha hilo, wote kwa pamoja, upesi, bila kuupitisha upande wa pili.

Na hapo ndipo tochi inapoingia kwa mbwembwe zake. Siyo tochi ya kumulika, ni mtungi mdogo wa butani au propani wenye pua ya chuma na mwali wa bluu unaonguruma. Umeiona kwenye video. Taa zimepunguzwa, steki iko kwenye sinia la chuma, mpishi mwenye aproni nyeusi anapitisha mwali taratibu kama anayepaka rangi ukuta, mafuta yanatatarika, muziki unapanda. Mwali wa gesi hizi ukiungua na hewa unaweza kukaribia nyuzi 2,000. Kikaango changu kinafika 250. Mtu wa tarakilishi akiziona namba hizo mbili zimekaa jirani, moyo unamruka, na mkono uko kwenye kitufe cha kununua. Ni ugonjwa ule ule wa kununua tarakilishi kwa kusoma namba moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi.

Kiswahili kimetupa maneno mawili, joto na halijoto. Tulifundishwa shuleni kuyatofautisha, tukafanya mtihani, tukasahau. Halijoto ni jinsi kitu kilivyo moto. Joto ni nishati inayotoka kwake na kuja kwako. Pita karibu na fundi wa jua kali anayekata chuma kwa mashine: cheche zinazoruka zina halijoto ya kutisha, zinakutua mkononi, unazipangusa na kuendelea na safari. Sufuria ya maji ya nyuzi 90 ikikumwagikia, unapelekwa hospitali. Cheche ina namba kubwa, lakini haina mzigo.

Mwali ni hewa. Hewa yenye halijoto ya karibu nyuzi 2,000 imetanuka mno hivi kwamba lita moja yake haina hata robo ya gramu. Piga hesabu ya joto lililomo humo, utapata kama juli 400. Sasa tuitazame nyama. Tuseme uso wake umebaki na gramu 5 za maji, kijiko kimoja cha chai tu, na hiyo ni baada ya kuipangusa. Kuyatoa maji hayo kutoka nyuzi 55 hadi 100 kunahitaji chini ya kilojuli 1. Kuyageuza yawe mvuke kunahitaji zaidi ya kilojuli 11. Rudia kusoma hapo. Kuyachemsha si kitu, kuyafukuza ndiyo kazi, na hadi yaondoke, uso wa nyama hauendi popote kupita nyuzi 100, hata ukiuelekezea jua. Jumla ni kilojuli 12 na kidogo. Ni sawa na zaidi ya lita 30 za hewa ya mwali, tena iwapo kila lita itakabidhi joto lake lote kwa nyama, jambo ambalo halitokei, kwa kuwa sehemu kubwa inagonga nyama, inateleza pembeni na kwenda kupasha dari ya jikoni. Dari ya nyumba, siyo ile yangu.

Chukua sasa kikaango kizito cha chuma, kilo 3, kimepashwa hadi nyuzi 250. Chuma cha uzito huo hutoa kama kilojuli 1.4 kwa kila nyuzi moja kinayoshuka. Kijiko chetu cha maji kitakishusha kutoka 250 hadi 241. Kwisha. Nyuzi 9. Nyama yenyewe nayo itavuta joto lake, ni kweli, lakini kuna akiba ya kutosha, na meko iko chini inaongeza. Sufuria nyepesi ya alumini, ya nusu kilo, ingeshuka nyuzi 27 kwa maji yale yale, kabla nyama haijaanza kudai chake. Ndiyo sababu kikaango kizito na sufuria ya kuchemshia chai hukaanga tofauti hata kama vimekaa juu ya moto mmoja.

Mtetezi wa tochi atasema: lakini mwali unaendelea kuja, haukomi. Sawa. Ukiushikilia mahali pamoja, utalikausha eneo dogo na kulipeleka kwenye rangi. Hapo ndipo ubaya mkubwa unapojitokeza, kwa maana uso wa nyama si kioo. Una vilima na mabonde, nyuzi za msuli zimeinuka hapa, mshipa umezama pale. Kilele cha kilima kinakauka kwanza. Kikikauka, hakina tena maji ya kukizuia kwenye 100, na kilicho juu yake ni mwali wa 2,000. Kitapita ndani ya dirisha la Maillard kwa kufumba na kufumbua, kitatokea upande wa pili kikiwa kaboni. Bonde lililo milimita mbili kando yake bado limelowa, la kijivu. Ukitazama kwa mbali, au kupitia kamera ya simu, macho yanachanganya nyeusi na kijivu na kukuambia ni hudhurungi. Ulimi haudanganyiki hivyo.

Kikaango cha 250 hakiwezi kuipeleka nyama kupita 250. Ni dari nyingine, imeinuliwa tu juu zaidi. Umetumia saa mbili na fedha nyingi kununua mfumo ambao hauruhusu kosa, halafu dakika ya mwisho unaikabidhi kazi kwa kifaa ambacho hakina kikomo chochote isipokuwa mkono wako unaotetemeka. Ukinionesha msimbo ulioandikwa hivyo, kila kitu kimekaguliwa hadi mstari wa mwisho, na mstari wa mwisho unapokea chochote kutoka kwa yeyote, nitaurudisha.

Na hakuna mtu aliyewahi kupata ukoko wa ugali kwa kupunga moto juu ya ugali. Ukoko hutengenezwa na kugusana.

Kuna pia harufu. Gesi ya kupikia kiasili haina harufu, ile tunayoijua huwekwa makusudi, kemikali ya jamii ya salfa, ili mtungi ukivuja tujue. Mwali ukiwa umerekebishwa vizuri na uko mbali ya kutosha, gesi huungua yote. Lakini anayetaka kumaliza haraka huisogeza pua karibu, mwali unagonga nyama iliyolowa na kupoa kabla haujamaliza kuungua, na kilichobaki kinatua juu ya chakula. Baadhi ya watu hawasikii ladha hiyo. Wengine huisikia kwenye tonge la kwanza, na hao hawasahau.

Rafiki yangu mmoja hapa Nairobi alimkaribisha shangazi yake mwaka jana. Mama wa watu amefunga safari kutoka mashambani, na kijana akataka kumwonesha kwamba mshahara wa tarakilishi si maneno. Nyama alichagua mwenyewe buchani, kipande kinene chenye mafuta yake. Saa mbili kwenye maji, nyuzi 56, kila kitu sawasawa. Kisha akaitoa tochi. "Shangazi, ngoja uone." Sote tulishika simu kurekodi. Ilichukua dakika nyingi, kila mtu akitoa ushauri wa mahali palipobaki peupe. Shangazi alitafuna kipande cha kwanza polepole, kwa heshima, akaweka uma chini.

"Mwanangu, hii nyama umeipika, ama umeibabua?"

Kubabua. Kazi inayofanywa kwa kichwa na miguu ya mbuzi ili manyoya yaondoke kabla ya kwenda kwenye supu. Alikuwa amelipata neno lenyewe hasa, bila shahada yoyote, na wala hakuwa na nia ya kumtania. Alikula kachumbari na viazi. Rafiki yangu hakulaumu tochi, alilaumu suvidi, na kifaa chake cha maji sasa kiko juu ya friji na vumbi lake. Hilo ndilo linaloniudhi. Saa mbili za upishi usio na dosari zimebeba lawama za dakika tano za moto, na familia nzima sasa inajua kwamba "ile nyama ya kwenye mfuko" inanuka gesi.

Sasa nizijibu hoja, maana zipo.

Ya kwanza, na ndiyo nzito, ni ya pete ya kijivu. Wanasema kikaango kitapika tena sehemu ya ndani uliyoitunza kwa saa mbili, ilhali tochi ni ya haraka. Hebu tuipime. Joto hutembea ndani ya nyama polepole sana, na kuna kipimo chake: zidisha sekunde kwa 0.14, tafuta kipeuo cha pili, unapata takriban milimita ambazo joto limeingia. Sekunde 60 kwenye kikaango, karibu milimita 3. Kwenye steki ya milimita 40 hiyo ni pembezoni tu, na ukiipoza nyama kwanza kama nitakavyoeleza, hata hiyo inapungua. Tochi je? Ile "ya haraka" uliyoiona kwenye video imekatwakatwa na mhariri. Upande mmoja wa steki ya watu wawili unaweza kula dakika nne ukipita na kurudi. Ingiza sekunde 240 kwenye hesabu ile ile, unakaribia milimita 6. Pete ya kijivu inaletwa na muda, na tochi ndiyo inayokula muda.

Ya pili ni kwamba wakubwa wanaitumia. Mikahawa hutumia tochi, naam, kwa mpishi aliyeshika mwali kila usiku kwa miaka, na mara nyingi kwa kugusia sehemu ambayo kikaango hakikufika. Halafu mtazame Dave Arnold wa New York, ambaye mwaka 2013 alileta Kickstarter kifaa kinachoitwa Searzall. Ni kichwa chenye nyavu za chuma kinachofungwa mbele ya tochi. Mwali unaziwasha nyavu hadi zinakuwa nyekundu, gesi inamalizikia humo, na nyama inachomwa na mnururisho wa nyavu zenyewe. Ni uvumbuzi mzuri na namheshimu aliyeubuni. Lakini angalia ulichokifanya. Mtu anayeipenda tochi kuliko wote aliketi, akalifikiria tatizo lake, na suluhisho likawa ni kuweka kipande cha chuma kati ya mwali na nyama. Jamani, kipande cha chuma kati ya mwali na nyama kina jina. Kinaitwa kikaango, na bibi yako alikuwa nacho.

Ya tatu, eti moto wa tochi unaua vijidudu. Ukiiweka nyama kwenye maji kwa halijoto sahihi na muda sahihi, kazi hiyo imeshafanyika ndani ya mfuko. Kama haikufanyika, tochi haitakuokoa.

Ya nne ni moshi wa kikaango. Hii ni kweli, nakubali, hasa kwa sisi wa vyumba vya ghorofani ambavyo dirisha la jikoni linatazama dirisha la jirani. Fungua dirisha. Ni dakika mbili.

Simaanishi kwamba tochi itupwe mtoni. Sukari juu ya krimu bruli ni kazi yake halali: tabaka jembamba, kavu, sawa, halina maji ya kufukuza, na chini yake kuna krimu ya baridi ambayo hutaki kuigusa kwa chuma. Wajapani hupitisha mwali juu ya samaki wa sushi, wanaiita aburi, na pale ladha ya kuungua kidogo ndiyo inayotafutwa. Ukingo wa mafuta kwenye kipande kikubwa chenye mfupa, mahali ambapo kikaango hakifiki, sawa, gusia. Na manyoya ya mbuzi, bila shaka. Ila hizo zote ni kazi ndogo za pembeni, na wewe hukutaka kununua tochi kwa ajili ya krimu bruli.

Basi fanya hivi. Nyama ikitoka kwenye maji ya moto, usiufungue mfuko. Utumbukize kwenye maji ya barafu dakika tano hadi kumi. Uso unapoa, ndani panabaki na joto la kutosha, na sasa una nafasi ya kukaanga bila hofu. Fungua, mimina mchuzi kwenye sufuria ndogo (usiumwage, uchemshe, uchuje, ni sosi hiyo). Pangusa nyama kwa karatasi za jikoni. Ukidhani imekauka, pangusa tena. Iache juu ya wavu mbele ya feni ukiwa unapasha kikaango. Kila gramu ya maji unayoiondoa kwa karatasi ni zaidi ya kilojuli 2 ambazo kikaango hakitadaiwa, na sijui mahali pengine popote katika taaluma hii ambapo karatasi inaleta tofauti kubwa hivyo kwa bei hiyo.

Kikaango kikae juu ya meko kubwa kabisa kwa dakika tano au zaidi. Tia samli, kwa sababu inavumilia moto hadi karibu nyuzi 250 kabla ya kutoa moshi mwingi, siagi ya kawaida itaungua mapema. Laza nyama, igandamize kidogo ili mabonde nayo yaguse chuma. Sekunde 45 hadi 60 kila upande, geuza mara mbili ukitaka, simamisha ukingo wa mafuta kwa koleo. Toa. Huhitaji kuipumzisha, kata ule.

Kama una jiko la makaa na mahali pa wazi, bora zaidi. Subiri makaa yawe mekundu yote, ushushe wavu karibu nayo, dakika moja kila upande, na mafuta yanayodondoka yatakupa moshi ambao hakuna kifaa cha Kickstarter kinachouuza. Lakini nje, nasema nje. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, haina harufu, na imeua watu wengi nchini humu wakiwa wamelala.

Nikiwa hapo kwenye hatari: mtungi wa butani ukiinamishwa sana, gesi ya maji huifikia pua na mwali unaruka ghafla, mrefu, wa njano. Nyama iko chini mezani, wewe uko juu, kwa hiyo kuinamisha ndiyo matumizi yenyewe. Mezani kuna karatasi zilizolowa mafuta, mfuko wa plastiki, na watu watatu wanaorekodi.

Ukiwa bado huniamini, sitaki unichukulie kwa maneno. Azima tochi, usinunue. Pika steki moja kwenye maji, uikate katikati. Nusu moja imalizie kwa mwali, nusu nyingine kwa kikaango, kata vipande vidogo, panga kwenye sahani mbili bila kusema kipi ni kipi, umpe mtu ambaye hajaiona video hata moja. Kama unaye shangazi, ni yeye hasa. Hesabu vipande vilivyobaki kila sahani. Jamaa yangu wa seva amekubali kulifanya jaribio hilo Jumamosi, nyama anatoa yeye, kikaango nabeba mimi.